Mkasi Uliokataliwa Suguti

Kushindana ni rahisi; hata majogoo hushindana. Kazi ipo siku ya kushindwa, pale mtu anapotakiwa kusimama mbele ya wale wale waliomwona akianguka, kujipangusa vumbi na kumpa mwenzake mkono. Wazee wetu walilijua jambo hilo tangu zamani na wakalitungia methali fupi isiyohitaji mkalimani. Kisa cha Hamduni, fundi cherehani wa Musoma, kinaonyesha kwamba wazee hao hawakuropoka.

Ilikuwa miaka miwili hivi kabla ya Uhuru, bendera ya Mwingereza ingali inapepea bomani. Musoma ya siku hizo ilikuwa mji mdogo mtamu. Meli ilipopiga honi gatini, mji mzima ulijua ni siku gani ya juma, na hata wavivu waliamka. Kwenye baraza za maduka ya Wahindi mafundi walipanga cherehani zao, kila mmoja na baraza yake, na umbeya wa mji ulipita kutoka cherehani moja hadi nyingine kabla jua halijawa kali. Watu walisalimiana kwa majina ya baba zao. Ukiwa na msiba, hukuhitaji kutuma mtu. Ulifungua mlango tu ukawakuta wameshakaa. Waliobaki wa kuyakumbuka hayo ni wachache sasa, nao wakianza kusimulia hawanyamazi, na mimi siwalaumu.

Hamduni alikuwa mtu wa makamo, mrefu, kanzu yake haikosi kupigwa pasi, na maneno yalimtoka kama maji. Baba yake alitoka Ujiji, lakini yeye alizaliwa Musoma na hakujua kwao kwingine. Ndiye aliyekileta Chama, kile cha kudai Uhuru, katika mji ule. Mwanzoni walikuwa watu tisa tu, wakikutana chumbani kwake dirisha likiwa limefungwa, na kadi za uanachama alizificha katikati ya majora ya kaki. Bendera ya kwanza ya tawi aliishona yeye, kwa kitambaa chake, na wala hakumwambia mtu. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba kutakuwa na uchaguzi wa mjumbe wa Halmashauri ya Wilaya, na kwamba Chama kitasimamisha mtu, Hamduni hakuwa na shaka kwamba mtu huyo ni yeye. Aliisubiri nafasi ile kama mkulima anavyosubiri mavuno ya shamba alilolilima mwenyewe.

Utaratibu wa Chama ulikuwa hivi. Kwanza wanachama wa matawi yote wangepiga kura ya kumpendekeza mgombea. Baadaye wajumbe arobaini wa wilaya wangekutana Bunda kuthibitisha jina. Aliyeshindwa katika matawi alikuwa na ruhusa ya kuweka pingamizi mbele ya wajumbe, na wajumbe wakiona ana hoja, walikuwa na uwezo wa kuligeuza jina. Kwa kuwa wanachama wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alichagua picha ya kuchorwa kwenye debe lake. Mwanachama aliingia nyuma ya pazia na punje moja ya mahindi, akaidondosha katika debe alilolitaka.

Wagombea walikuwa wawili. Mpinzani wa Hamduni alikuwa Bernado Masatu, mwalimu kijana wa Suguti, mpole, asiyejua hata kupandisha sauti. Masatu alichagua picha ya jembe. Hamduni alichagua mkasi.

"Mkasi ndio ulionilea," aliwaambia wenzake akicheka. "Na ndio utakaonipeleka kwenye Halmashauri."

Kura zilipohesabiwa, mji wa Musoma ulikuwa wa Hamduni, na wachimba dhahabu wa Buhemba waligawanyika nusu kwa nusu. Lakini Suguti na vijiji vyote vya ufukweni vilimimina punje zao katika debe la jembe. Ndani ya debe la mkasi kule Suguti zilikutwa punje tatu. Masatu alishinda kwa tofauti ya kura arobaini na nne.

Hamduni aliumia. Sisemi alisikitika, aliumia kama mtu aliyepigwa na ndugu yake. Siku tatu hakugusa cherehani. Alikaa barazani ameshika tama, wateja wakija kuulizia nguo zao anawaambia njooni kesho. Kilichomkera zaidi si kiti. Ni zile punje tatu. Alijiuliza amewakosea nini watu wale hata wamfanyie hivyo.

Siwema, mkewe, alimvumilia siku mbili, ya tatu akasema, "Baba Kudura, dunia haina shukrani. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Ulivyoficha kadi zao hapa ndani, na mimi roho mkononi kila askari akipita, hilo limekwisha. Amka ushone."

Jioni hiyo alikuja Rashidi, muuza nyama, rafiki yake wa tangu utoto na mmoja wa wale watu tisa. Naye alikuwa mjumbe wa mkutano wa Bunda. Alivuta kigoda, akakaa karibu.

"Kuna mkutano wa wajumbe, ndugu yangu," alisema. "Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na kisu wanacho wajumbe, si wale wavuvi. Wajumbe wangapi umewapa kadi kwa mkono wako? Weka pingamizi. Ila tutafute sababu. Hatuwezi kusimama pale tukasema tumekasirika."

"Sababu nitaijua nikienda Suguti," Hamduni alisema. "Nataka waniambie wenyewe."

Asubuhi yake alipanda lori la pamba, akashuka njiani, akamalizia kwa miguu mpaka ufukweni. Alimkuta mwanamke mtu mzima akianika samaki aina ya ningu juu ya mawe. Aliitwa Getruda, na ndiye aliyekuwa msemaji wa akina mama wauza samaki wa kijiji kile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ee, ni fundi wa mjini? Karibu. Umetembea na jua lote hili?"

Hamduni hakuzunguka. Alimweleza kilichomleta, akamwuliza kwa nini Suguti ilimnyima kura. Getruda aliacha kuanika samaki. Alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Hamduni kuliko tusi.

"Hatukukukataa wewe, fundi. Tulikataa mkasi," alisema. "Huku kwetu mkasi hauingiagi kwenye mtumbwi, wala hautajwi mbele ya wavu. Ukiuona mkasi mtu anapokwenda ziwani, wavu unachanika, au mtu harudi. Mama yangu alikuwaga anauficha wa kwake chini ya chungu. Sasa tumeingia kule nyuma ya pazia, tunakuta mkasi mkubwa umechorwa. Waume zetu wako majini. Mkono wenyewe unakataa."

"Kwa hiyo mlijua kuwa debe lile ni langu?"

"Tulijua ni lako. Ungechora hata cherehani, tungekupa. Wewe tunakupenda tu, hotuba zako nzuri. Uliza na wengine, watakwambia hivi hivi."

Moyo wa Hamduni uliruka. Sababu alikuwa ameipata, tena sababu nzito kuliko alivyotarajia. Watu hawakumkataa yeye, walikataa picha. Alijiona tayari amesimama Bunda akiwaeleza wajumbe, na wajumbe wakitikisa vichwa. Kisha akauliza swali moja zaidi, ambalo baadaye alitamani asingeliuliza.

"Mbona hamkuniambia mapema, mama?"

"Ungetuuliza." Getruda aliinama akaendelea na samaki wake. "Ulikuja siku ile, ukasimama juu ya lori, ukasema vizuri kweli kweli, ukaondoka. Tulikuwa tumepika sato, hata hukula. Mwalimu alikaa hapa siku tatu. Kila nyumba anakula, anauliza, anauliza, mpaka tukachoka naye. Alituuliza hata picha achague ipi."

Hamduni alikula sato siku ile, kwa kuwa alikaribishwa na hakuthubutu kukataa mara ya pili. Alimsikiliza Getruda akilalamikia kodi ya mitumbwi, na gati la mawe waliloahidiwa na serikali tangu vita vya Hitla, na zahanati iliyo mbali hata wajawazito hujifungulia njiani. Hakuna hata moja kati ya hayo alilokuwa amelitaja katika hotuba yake. Alipoagana na wenyeji wake, alikuwa na furaha mkono mmoja na aibu mkono wa pili, na njia nzima hakujua kipi kizito.

Rashidi hakuona aibu yoyote ndani ya habari ile. Aliposimuliwa alipiga paja.

"Basi kwisha maneno," alisema. "Kura ile haikuwa kura, ilikuwa woga wa mkasi. Tutampeleka yule mama Bunda akaseme kwa kinywa chake."

"Mama yule muache na samaki wake, Rashidi."

"Haya, utasema wewe mwenyewe. Lakini haki ya mtu usiitupe njiani."

Juma zima Rashidi hakulala. Alikwenda Buhemba, akaenda Butiama, akarudi amejaa vumbi na amejaa furaha. Kati ya wajumbe arobaini, ishirini na watano walikuwa wamempa ahadi. Hesabu ile Hamduni aliijua, na mpenzi msomaji naye aijue, maana ndiyo iliyofanya jambo lenyewe kuwa gumu. Mtu asiye na uwezo wa kushinda akisalimu amri, hakuna cha kumsifu. Hamduni alikuwa na uwezo.

Hata hivyo kulikuwa na jambo jingine. Watu wa boma nao walikuwa na mgombea wao nje ya Chama, karani mstaafu aitwaye Boniphace, na huyo hakuwa akifanya kampeni yoyote. Alikuwa amekaa kibarazani kwake anasubiri watu wa mjini na watu wa ufukweni wagombane.

Siku ya mkutano, lori la wajumbe liliondoka Musoma alfajiri, likazungukia Butiama kumchukua Mzee Eliasi, mfuga ng'ombe aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano. Walimpisha kiti cha mbele, akakataa. Alipanda nyuma akakaa juu ya gunia pembeni ya Hamduni, blanketi lake begani. Masatu alikuwa amekaa mwisho kabisa, karibu na mlango wa lori, ameshika kofia isipeperushwe.

"Fundi," Eliasi alisema kwa sauti ya chini, "kadi yangu ulinipa wewe. Ulikuja Butiama kwa miguu, ukalala kwangu, ukaniuliza habari za ng'ombe mpaka jogoo akawika. Nilimwambia mke wangu, huyu Mswahili wa mjini ana wazimu, anauliza hata majina ya ndama. Ukisema neno leo, mkono wangu uko juu."

Hamduni alishukuru. Maneno yale yalimrudisha mbali. Aliikumbuka miaka ile ya watu tisa, alivyokuwa akienda kijiji kwa kijiji hana lori wala kipaza sauti, anakula anachopewa, analala anapolazwa. Wakati ule hakuwa na cha kuhutubia, kwa hiyo alikuwa akiuliza tu. Alikuwa na njaa mara nyingi, na alikuwa na furaha ambayo hajapata kuipata tena. Alijaribu kukumbuka ni lini aliacha kuuliza akaanza kuhutubia, na hakuikumbuka siku yenyewe. Labda ilikuwa siku watu walipoanza kumpigia makofi. Milima ya Bunda ilipotokea mbele, macho yake yalikuwa yamelowa, naye akasingizia vumbi.

Mkutano ulifanyika katika ghala la pamba. Wajumbe walikaa juu ya marobota, na pamba iliyokuwa ikielea hewani iliwafanya wapige chafya katikati ya mambo mazito. Mzee Eliasi alisoma jina la Bernado Masatu na kura zake. Kisha, kwa mujibu wa taratibu, akauliza kama Bwana Hamduni ana pingamizi. Rashidi alimvuta kanzu rafiki yake kumhimiza.

Hamduni alisimama. Alipoanza kusema, sauti yake haikuwa ile ya juu ya lori.

"Nilikuja na pingamizi," alisema. "Watu wa Suguti waliniambia hawakunikataa mimi, walikataa mkasi niliouchora, kwa kuwa kwao mkasi ni nuksi ya wavu. Ni kweli tupu, na wengi wenu mlishaambiwa. Nilifurahi kuisikia kweli hiyo. Lakini nimeigeuza-geuza njia nzima, naona inanishtaki mimi. Mtu anayeomba kuwasemea watu, na hajui wanaogopa nini asubuhi wanapokwenda kazini, angewasemea nini kwenye Halmashauri? Ningekwenda kule kusema maneno yangu. Mwenzangu aliwauliza, mimi sikuwauliza. Wamemchagua yeye, na wamechagua sawasawa. Sina pingamizi."

Rashidi alifunika uso kwa viganja. Eliasi alikuwa anataka kuendelea, mara Masatu akasimama kule nyuma, uso umemshuka.

"Mwenyekiti, samahani," alisema. "Siwezi kunyamaza baada ya maneno yale. Mimi ni mtoto wa Suguti. Siku fundi alipotangaza picha yake, nilijua. Nilijua debe lake kule halitapata kitu. Ningeweza kumwambia abadilishe, siku zilikuwepo. Sikumwambia."

Hapo ndipo ghala lilipochafuka. Rashidi alikuwa amesimama kabla Masatu hajaketi.

"Mmesikia kwa masikio yenu," alisema. "Alijua akanyamaza. Mwenyekiti, pingamizi tunalirudisha."

Mzee Eliasi alimgeukia Hamduni. "Neno ni lako, fundi. Ukilirudisha, nitalipokea."

Mara ya kwanza Hamduni alikuwa ameukataa ushindi akiwa na huzuni. Sasa alikuwa na hasira, na hasira ina nguvu kuliko huzuni. Alimtazama yule kijana, akatamani kumzaba kibao. Mikono ya wajumbe aliiona, ishirini na mitano na zaidi, ikingojea ainue wake tu. Kiti kilikuwa pale.

"Mwalimu," alisema hatimaye, "ningekuwa mimi ndiye niliyejua, na wewe ndiye uliyechora mkasi, nadhani ningekwambia?"

Masatu aliikunja kofia yake mikononi.

"Nisingekwambia. Ningekwenda nyumbani nikacheka na mke wangu. Mtu akishindana nawe hana wajibu wa kukufundisha namna ya kumshinda. Ulichofanya si kizuri, na umekisema mwenyewe mahali ambapo kingekupotezea kiti. Mimi sijui kama ningekuwa na moyo huo. Mwenyekiti, andika kwamba Hamduni hana pingamizi, tena andika kwamba ndiye anayeunga mkono jina hili."

Alivuka katikati ya marobota mpaka kule nyuma, akatoa mkono. Masatu aliupokea kwa mikono miwili, akainama kama mtoto anayesalimia baba yake. Watu hawakupiga makofi upesi. Walikawia kwanza, wengine wakijifanya kupiga chafya. Jina la Masatu lilipita bila mkono hata mmoja wa kulipinga.

Msidhani Hamduni alirudi Musoma mwepesi. Usiku ule alimwambia Siwema kwamba anahisi kama amemzika mtu. Siwema hakuwa na methali ya kumpa safari hiyo. Alimwandalia maji ya kuoga. Rashidi naye alimnunia mwezi mzima, na kila Siwema alipotuma nyama alipewa mifupa, mpaka siku moja akaja mwenyewe na kipande cha paja chini ya kwapa, akakaa kwenye kigoda chake bila kueleza lolote, wakaendelea na mazungumzo waliyokuwa wameyaacha.

Uchaguzi ulipofika, Hamduni alizunguka na Masatu kijiji kwa kijiji, safari nyingi kwa miguu. Boniphace alingoja ugomvi hadi siku ya mwisho, haukuja, na kura zake hazikuzidi idadi ya jamaa zake. Gati la mawe la Suguti lilijengwa. Uhuru ulikuja, bendera ikashushwa bomani na nyingine ikapandishwa, watu wakalia na kucheza usiku kucha, na Hamduni alikuwa katikati yao. Kiti hakukipata tena maishani. Marafiki wa zamani walipokumbushana mambo ya Bunda, macho yake yalikwenda mbali kidogo, na hakuna aliyediriki kumwuliza kama anajuta. Nadhani siku nyingine alijuta. Alikuwa binadamu.

Lakini miaka mingi baadaye, kila uchaguzi ulipopita, walioshindwa walipanda barazani kwake, vijana na wazee, wa mjini na wa ufukweni, kila mmoja na malalamiko yake na orodha ya wajumbe waliomwahidi. Walitaka yeye awaambie kama wakate rufaa. Hamduni hakuwahi kumwambia mtu ndiyo wala hapana. Aliwauliza swali moja tu: "Umekwenda kwa waliokunyima, ukawauliza kwa nini?" Waliokwenda kuuliza walirudi wakiwa wamenyamaza, wakajipanga upya, na baadhi yao walikuja kuchaguliwa wakati mwingine. Waliokataa kwenda waliendelea kupigana na kura zilizokwisha kuhesabiwa, wakapoteza marafiki, mwisho hakuna aliyewasimamisha tena kwa lolote, maana watu walikuwa wamekwisha kuwajua: asiyekubali kushindwa si mshindani.